Mfarishi Uliofunika Jeneza la Mama

Wisconsin, Marekani
Mwezi wa Machi

Dada yangu Zubeda,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, na hasira niliyo nayo si ruhusa ya kuiruka. Hali yako? Je, goti linakuruhusu kupanda kutoka kisimani, au bado unamtuma binti yako Amina? Shemeji Ramadhani na gari lake la mboga wanaiwezaje barabara ya Mtae wakati huu masika yanapokaribia? Mama mdogo Halima nitamuulizia mahali pake, maana barua hii inamhusu yeye kuliko mtu mwingine yeyote aliye hai.

Mimi ni mzima wa mwili. Theluji bado imelala hadi kwenye kioo cha chumba ninachofanyia kazi, chumba ambacho nusu yake imo ardhini, na mchana kutwa nawasha taa. Uliwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni ipi, nami nikakujibu kwa haraka kwamba nashona. Leo nitakujibu kwa utaratibu, kwa sababu bila jibu hilo hutaelewa ninachokuja kukuomba.

Unakumbuka kwamba kiwanda cha nguo kilichonileta huku kusomea ukaguzi wa vitambaa kilifungwa nikiwa bado darasani. Nchi ilikuwa imefungua milango ya biashara, marobota ya mitumba yakaingia, na kitambaa chetu kikakosa mnunuzi. Nikabaki na cheti cha kukagua nguo ambazo hazifumwi tena. Aliyenipa kazi ni Bibi Doris, mjane wa makamo, ambaye humalizia mifarishi ya watu nyumbani kwake. Wanawake wa huku huunganisha vipande vya vitambaa majumbani mwao, miezi mingi, mpaka vikapatikana vya kufunika kitanda. Wakifika hapo huchoka. Humletea Bibi Doris kitambaa hicho cha juu pamoja na cha chini, na sisi tunaweka sufu au pamba katikati, kisha tunashona tabaka zote tatu ziwe kitu kimoja.

Mashine yenyewe ingemshangaza marehemu baba, pamoja na miaka yote aliyokaa nyuma ya cherehani pale barazani. Mkono wake wa chuma ni mrefu kuliko mkono wa mtu aliyeunyoosha, nayo hutembea juu ya reli, mbele na nyuma, huku mfarishi umenyooshwa kwenye magogo ya chuma kama ngozi iliyowambwa. Kitambaa hakisogei, anayesogea ni fundi na mashine yake. Lakini kushona ndiyo sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni kupanga. Lazima nijue mfarishi utalaliwa na nani, utafuliwa vipi, mishono iachane kiasi gani, uzi uonekane au ujifiche. Bibi Doris alipoona kwamba sigusi mashine kabla sijauliza maswali hayo yote, aliniachia mimi mipango.

Sasa nije kwenye mfarishi niliomshonea mama.

Niliutumia msimu mzima wa baridi kuupanga kabla sijakata hata kipande kimoja. Nilichagua kahawia, kijani kilichokolea na buluu ya usiku, kwa sababu jiko la mama lina moshi na rangi nyeupe ingemtia hofu. Katikati niliweka sufu ya kondoo badala ya pamba, kwa kuwa sufu hutunza joto hata ikipata unyevu, na ukungu wa Mtae huingia hadi kitandani. Mishono niliiachanisha, kwani ikisongamana mfarishi hukakamaa kama mkeka. Mistari yake niliipindisha kama yanavyopinda matuta ya shamba letu la chini ya ukingo. Nilifikiria sabuni ya mche, maji ya baridi, na ua wa kuanikia. Nilifikiria upana wa kitanda chake cha kamba, na kile kidirisha kinachopitisha upepo unaopanda kutoka nyika ya Mkomazi. Kwenye pembe moja nililiandika jina lake kwa uzi, kwa herufi ndogo, ili asiwe na shaka kwamba ni wake.

Kitu kimoja tu sikukiweka katika mpango wangu: sanduku.

Ulipoufikisha nyumbani uliniandikia jinsi jirani yetu, Bi Mwanahawa, alivyokuja kuukagua. Nilicheka peke yangu humu chini. Alisema, "Haya si ndiyo yanamwagwa Mlalo siku ya soko? Nenda kafukue lile rundo, utampata dada yake." Na mama akamjibu, "Dada yake unaye wewe, unajifunika kila siku. Huyu wangu ana nailoni." Ukaeleza kwamba tangu siku hiyo mama hakukubali nailoni ile niliyoufungia itolewe, kwa kuwa ndiyo ushahidi kwamba blanketi la mwanawe Athumani si mitumba. Nililichukua jambo hilo kama mzaha wa wiki moja. Sikujua kwamba ni hukumu.

Kisha ile siku wewe na mama mliposhuka Lushoto, posta, kupokea simu yangu, nilimuuliza kama blanketi linamfaa. Akasema, "Linanifaa sana, baba. Nikilitazama tu, baridi inakimbia."

"Usilitazame, mama. Jifunike."

"Haya, mheshimiwa." Nanyi mkacheka. Nilikusikia na wewe, dada.

Kisha, miezi mingi baada ya maziko, ikanifikia barua yako ya msiba. Nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili. Umeniandikia kwa fahari: "Mdogo wangu, ulituheshimisha. Jeneza la mama lilifunikwa kwa blanketi lako kutoka nyumbani mpaka makaburini, na mikunjo yake ilikuwa bado imesimama. Watu waliuliza limetoka duka gani." Ukaongeza kwamba baada ya maziko shemeji alilirudisha, likakung'utwa, likakunjwa, na kurudi kwenye nailoni yake.

Mikunjo yake ilikuwa bado imesimama. Mimi kazi yangu ni kusoma vitambaa, Zubeda. Mfarishi uliolaliwa hauna mikunjo iliyosimama. Kwa sentensi hiyo moja uliniarifu kwamba mama yangu, aliyekufa kwa kifua katika mwezi wa baridi, hakuwahi kulala ndani yake hata mara moja.

Sisemi kwamba mfarishi ungemponya. Sina elimu hiyo, na nisingependa kudai nisichoweza kukithibitisha. Nasema kitu kidogo zaidi, ambacho hakina ubishi: alikuwa akisikia baridi, na joto lilikuwa chini ya kitanda chake mwenyewe, ndani ya sanduku. Jeneza halikuhitaji kufunikwa kwa sufu. Nilikipima kitu kile kwa mwili ulio hai.

Najua utakavyojibu. Utasema, "Wewe ulikuwa mbali, Athumani. Mwenyewe alikataa." Naamini alikataa. Uliniandikia maneno yake: "Nilale humo mimi, na miguu hii ya vumbi? Akija mgeni nitampa nini?" Nayasikia kwa sauti yake. Lakini hebu tukae tumhesabie mama wageni wake. Katika utoto wetu wote, nani alilala kwenye blanketi zuri la nyumba ile? Mimi namkumbuka mmoja, katibu tarafa, aliyekwama kwetu kwa mvua. Alipewa kitanda, blanketi na bakuli lenye maua, na mama akalala jikoni kando ya mafiga, akiwa amejikunja ndani ya kanga. Tulikatazwa kucheka mgeni alivyokoroma. Asubuhi yule bwana alisema alilala vibaya kwa sababu ya joto, akaenda zake, na blanketi likarudi sandukuni kumsubiri mwingine kama yeye. Hakuja. Bakuli nalo bila shaka liko kabatini mpaka leo, na hakuna kati yetu anayejua chakula kinaonekanaje ndani yake.

Ndivyo tulivyo. Kitu kikiwa kizuri tunakitenga na mikono yetu wenyewe, kana kwamba sisi ndio uchafu wake. Soko limefunguliwa, vitu vimejaa mpaka vinamwagwa chini kwenye maturubai, na bado tumebakiza kabati lile lile na sanduku lile lile. Sikutegemea kwamba biashara huria ingebadilisha hilo. Nilitegemea kwamba mimi ningelibadilisha, kwa rangi ya kahawia. Huo ulikuwa upumbavu wa mtu aliyesoma.

Nilipomweleza Bibi Doris yaliyotokea, alisema, "Lakini ni heshima kubwa, Athumani. Mimi ningefurahi kufunikwa kwa kazi ya mwanangu."

Nikamuuliza, "Kabla au baada?"

Alikwenda kupanga nyuzi ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Usidhani nawaona watu wa huku kuwa na akili zaidi. Wiki hiyo hiyo mteja mmoja alileta kitambaa cha juu kizuri ajabu, nikamuuliza mfarishi utalaliwa na nani, kwa sababu bila hivyo siwezi kupanga mishono. Akaniangalia kama nimemtukana. "Kulaliwa? Huu utatundikwa ukutani." Nikaushona kwa mishono ya karibu karibu, mgumu kama ubao, na akausifu sana. Yeye ana mifarishi mingine ya kumpa joto. Mama hakuwa nayo, na tofauti yote iko hapo.

Sasa nafika kwa mama mdogo Halima. Katika barua yako, baada ya habari za jeneza na kabla ya habari za viazi, umeandika kwamba amehamia chumba cha mama ili nyumba isibaki tupu, na kwamba "anakohoa kohoa, lakini ni uzee." Halafu, aya inayofuata, unaniomba nishone mfarishi wa pili unaofanana na ule, kwa sababu wakwe watarajiwa wa Amina watapanda kutoka Dar es Salaam baada ya mavuno, na shemeji anataka vitanda viwili vya wageni vifanane.

Soma tena hapo, dada. Kuna mama mmoja mzee anakohoa kitandani, na chini ya kitanda hicho hicho, ndani ya sanduku, kuna sufu. Na mnaniandikia mimi, niliye upande wa pili wa dunia, nilete nyingine.

Ombi langu ni hili, na naliandika mwezi huu makusudi ili likufikie kabla ya baridi ya Juni. Fungua sanduku. Itoe nailoni na uichome jikoni. Kisha chukua mkasi mkubwa wa marehemu baba, ule aliokuwa akikatia makoti, uitafute pembe inayokabiliana na jina la mama, na uikate. Usikate uzi wala ncha tu. Kata kipande cha ukubwa wa kiganja chako, tabaka zote tatu, kionekane kwa mtu aliyesimama mlangoni. Sufu itatokeza, usiogope. Kunja kingo mbili ziingiane ndani, ushone kwa mkono kwa mishono ya kuzungusha, uzi uwe maradufu, na ukifika kwenye kona urudie mara ya pili, kwa sababu hapo ndipo hufumuka. Shemeji akikuuliza kwa nini, mwambie mfarishi umeharibika na hauwezi tena kuwekewa wageni. Itakuwa kweli. Kisha mfunike mama mdogo.

Nimetafakari kama kuna njia nyingine. Ningeweza kukusihi, lakini mama nilimsihi kwa simu akaniita mheshimiwa. Ningeweza kumtumia mama mdogo wa kwake, nanyi mngeuweka juu ya ule wa kwanza. Sikuona njia ya kukifanya kitu kizuri kitumike nyumbani kwetu isipokuwa kukitia kilema kwanza. Nimejifunza miaka mingi kutokosea hata upana wa uzi, na hivi ndivyo ninavyoishia kushauri.

Kipande utakachokata kitie kwenye bahasha uniletee. Sihitaji barua ndefu pamoja nacho.

Nifikishie shikamoo kwa shemeji Ramadhani. Mwambie sijamkasirikia yeye zaidi ya ninavyojikasirikia mwenyewe, ingawa si kidogo. Bi Mwanahawa mwambie alikuwa sahihi bila kukusudia: mfarishi ungetoka kwenye rundo la Mlalo, mama angejifunika. Amina mpe pongezi za uchumba, na umwambie mjomba wake anamuombea nyumba isiyo na kabati la vioo. Mama mdogo Halima mpe shikamoo yake mkononi, wakati unamfunika. Akisema ni la wageni, muonyeshe pembe.

Mfarishi wa Amina nitaushona. Nitaanza kuupanga siku nitakayoipokea bahasha yako, si kabla. Utakuwa na rangi anazozipenda yeye, na sufu ile ile, na mistari ile ile ya matuta. Nao utafika Mtae pembe yake moja ikiwa imekatwa tayari, na kushonwa vizuri.

Ni mimi mdogo wako, niliyetoka tumbo moja nawe,

Athumani