Mstari Mwekundu kwa Injini ya Tatu

Nebraska, 8 Februari 1944

Mume wangu Orrin,

Verna sasa hivi ametumbukiza soksi yangu kwenye uji wake, akaivuta, akainyonya, akacheka. Kajino ka pili kametoka. Sisi hatujambo. Wewe je, kifua kimepona?

Barua yako imeninyima raha. Unasema injini ya tatu inavuja mafuta, na wewe fundi ndiye unayejaza fomu kabla ya kuruka. Basi, baba, tia ule msalaba mwekundu, ndege ikae chini. Vita mtavikuta. Hata Ulaya hamjafika, mfie Idaho kwa mazoezi?

Wako,
Mama Verna

Idaho, 14 Februari

Mama Verna mpenzi,

Kifua kimepona, chakula ni maharage tu. Mbusu mwanangu hapo kwenye jino.

Leo nilishika kalamu nyekundu nitie msalaba. Luteni Haskett, rubani wetu, akanisimamia begani: "Orrin, bibi yangu naye hukagua jiko mara kumi kabla ya kwenda kanisani. Mpaka leo hajawahi kuusikia wimbo wa kwanza!" Wenzangu wanane wakaangua kicheko. Halafu akaninong'oneza: "Imebaki safari moja tu ya mazoezi. Tukikwama tutagawanywa, kila mtu apelekwe vitani na wageni."

Lucille, hawa ni ndugu zangu. Nikatia mstari mmoja wa mshazari, maana yake ndege ina ubovu lakini iruke. Kesho asubuhi tunadondosha mabomu ya mchanga jangwani, basi. Usinikasirikie.

Baba Verna

Nebraska, 19 Februari

Baba Verna,

Hujambo? Nauliza, na nataka unijibu. Barua yako imefika asubuhi hii. Juzi redio ilisema ndege ya mabomu imeanguka huko Idaho Jumanne, walikuwemo watu kumi, majina hayatajwi mpaka jamaa zao waambiwe. Mimi sijaambiwa. Siku nne! Kwa hiyo si nyinyi. Ndivyo nilivyomwambia mama, naye akaendelea kumenya viazi.

Ule mstari sikukasirikii. Ila ukisoma hii, nenda kwa huyo Haskett umwambie kuwa mimi mkeo nimesema injini ifunguliwe yote, akitaka kucheka acheke. Verna anasimama sasa kwa kushika kiti. Ukija likizo ya Machi utamkuta

Mama ananiita mlangoni. Anasema Bwana Pohl wa stesheni, yule anayepokea telegramu, amekuja mwenyewe, amevua kofia, na