Ukurasa wa Zamu ya Usiku

Njoki, Baba amelia. Baba! Ameniona kwa laptop nikitengeneza jedwali linalojipigia hesabu ya mishahara ya zamu, akalia.

Kumbe 1987 alitengeneza kama hilo hilo, akiwa karani kiwanda cha mikate. Karani mwenzake Shire, jirani yake Kaloleni, akimsomea daftari la zamu, yeye akiandika kwa kompyuta. Siku jedwali lilipokubali kufanya kazi, Shire ndiye alipiga makofi kwanza.

Bosi akauliza, "Sasa makarani wawili ni wa nini?"

Baba akanyamaza. Njoki, ALINYAMAZA. Shire akafutwa kazi.

Kesho yake Shire akarudi. "Kuna ukurasa hatukumaliza. Watu wa usiku watakosa mshahara."

Akaketi, akamsomea mpaka jina la mwisho. Baba akaandika. Hata hapo alinyamaza.