Damu ya Baba Ilipokataa Kuganda

Masama,
Novemba 1994

Kwako kaka Vedastus,

Shikamoo. Ni ya desturi tu, usiifurahie. Habari za Holili na biashara zako? Sisi huku wazima, kahawa imeiva, na Baba amepata nguvu. Juzi alimaliza bakuli la mtori akadai jingine. Nakuandikia kuhusu mkeo.

Siku Baba alipobanwa na kifua tulimkimbiza hospitali Moshi. Daktari alisema huenda ni moyo, ila kabla hajampa dawa ya kuzuia damu kuganda alitaka kwanza kupima inavyoganda. Damu ikatiwa kwenye kichupa cha kioo, wakawa wanakiinamisha na kungoja. Ya mtu mwingine ingeshakuwa nzito. Ya Baba ilitiririka tu kama maji. Daktari akamuuliza kama anameza dawa yoyote, Baba akaapa kwamba hamezi kitu.

Shangazi Ndelilio alikuwa mlangoni, macho kodo. Aliporudi nyumbani alitangaza kwamba damu isiyoganda ni ya mtu aliyevunjiwa chungu cha laana, na aliyekivunja yumo humu humu. Wakaenda kupekua nyuma ya jiko la mkeo Dainess, wakakuta vigae. Jamani, jiko gani huku kwetu halina vigae? Mkeo alisema ni chungu cha mtori kilichomponyoka. Nani amsikilize? Baba aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Dainess alitolewa na mimba yake kubwa, mvua inanyesha, godoro likatupwa migombani, Shangazi akamtemea mate. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, nikaambiwa msichana asiyeolewa hana neno kwenye ukoo.

Dada yake anayeishi Kiboriloni alimpokea. Huko alikusubiri. Kila gari lililotoka Holili alilichungulia, akiamini utakuja kumtetea, maskini.

Sasa sikia. Nikimbadilishia Baba shuka nilikuta vidonge chini ya mto. Nikambana. Akasema ulimletea wewe kutoka ng'ambo ya mpaka, vilivyoachwa na mgonjwa wa moyo aliyefariki, ukamwambia vinalainisha damu na miguu haitamuuma tena. Alisema pia kwamba alipopata habari za chungu akiwa bado wodini, alikupigia simu akuulize afanye nini. Ukamwambia anyamaze, mke hupatikana, lakini mtoto wa kiume akiitwa muuaji wa baba yake amekwisha. Naye akanyamaza. Alikaa kwenye kiti chake akimtazama mkwe wake anavyoburutwa. Nawachukia nyote wawili, Mungu anisamehe.

Nilimweleza Dainess yote. Alikuwa ameshajifungua, na hakulia. Ni mtoto wa kiume, Vedastus, mzaliwa wako wa kwanza. Baba ameshawatangazia majirani kwamba Ildefonce mdogo amefika, maana ni haki ya babu wa kuumeni jina lake kushikwa na mjukuu wa kwanza. Jumapili tulimbatiza, na mama yake wa ubatizo ni mimi. Anaitwa Yakobo, jina la baba yake Dainess. Padri alipouliza baba wa mtoto ni nani, Dainess alijibu kwamba hana, nami nikaitikia amina.

Basi wasalimie wote wa huko. Baba anakusalimu sana, na anauliza kama vidonge vingine vipo. Habari za jina sijampa. Mpigie wewe, si mnajua kuzungumza kwa simu.

Ni mimi mdogo wako,
Dafroza