Sufuri Iliyopotea Njiani

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji kakatika vidole viwili, mkono wa kulia. Niliviokota mimi. Daktari kasema haviungiki tena.

Ilivyokuwa: nilituma programu kutoka kompyuta yangu kwenda mashine ya kukata chuma anayoiendesha yeye. Waya ni wa zamani. Herufi hupita moja moja, kama watu kwenye mlango mwembamba. Sufuri moja ikapotea njiani. Kisu kilitakiwa kuinuka milimita mia — kikainuka kumi. Kikagonga kibano kinachoshika chuma, kipande kikaruka, kikampiga mkononi.

Nimefua shati. Nimekula.

Jumanne, 5 Machi

Waya unapita nyuma ya meza ya kaka. Yeye ndiye mchomeleaji, peke yake. Moto wake ukiwaka, herufi huharibika. Kwa hiyo tuna utaratibu: napaza sauti, “Natuma!” Kaka anazima, anainua mkono. Haushushi mpaka niseme, “Imefika.” Fundi wa kukereza hutucheka — eti kompyuta gani hii, inampigia hodi mchomeleaji.

Jana aliinua mkono. Programu ikiwa katikati, mwanga wa buluu, ule wa kuchomelea, ukamulika ukutani. Mara moja tu. Nilipogeuka, mkono ulikuwa juu.

Kompyuta haikulalamika. Hukagua herufi iliyofika. Isiyofika haina wa kuiulizia.

Msimamizi anasema kosa ni la shemeji: kabla ya kuwasha alitakiwa kulinganisha programu kwenye skrini na ile niliyotuma. Kweli, hakulinganisha. Hakuna anayelinganisha. Wakimwandikia uzembe, kazi hana.

Alhamisi, 7 Machi

Kaka kanifuata getini. Alizima, anasema. “Si uliniona, mdogo wangu?” Nikasema mkono niliuona. “Basi,” akasema, akaenda zake.

Jioni kwa dada. Alikuwa anamfunga mumewe vifungo vya shati. Shemeji anatania: sasa akihesabu kwa vidole anaishia nane, asitumwe sokoni. Hakuna aliyecheka, naye hakungoja tucheke. Dada akauliza kama mhandisi wa uchunguzi anakuja kesho. Nikasema ndiyo. Akasema, “Haya.”

Mama alinisindikiza mpaka mlangoni. Wote wanawe, anasema, hana wa kumtupa. Lakini vidole vimeshakwenda. “Usiongeze na kazi ya kaka yako, mwanangu.” Kazi ya shemeji hakuitaja.

Ijumaa, 8 Machi

Mhandisi ni mtu mpole. Hakutaka maelezo. Alitaka aone. Kila mtu mahali pake, shemeji naye, mkono umefungwa bendeji. “Fanyeni kama siku ile.”

Nikapaza sauti. Kaka akazima palepale, akainua mkono wima, kama askari. Programu ikapita yote. Sufuri zote zipo.

Mhandisi akamuuliza shemeji kama siku ile ilikuwa hivyo hivyo. Shemeji akasema yeye alikuwa ametazama mashine, aulizwe aliyetuma. Hakunitazama.

Mhandisi akanigeukia mimi. “Hivyo hivyo? Tangu mwanzo mpaka mwisho?”

Nikaomba maji. Mhandisi kasema sawa, tupumzike kidogo. Naandika hapa kwenye benchi la nje, bilauri imejaa. Kupitia dirishani namwona kaka. Wengine wote wamekaa. Yeye kasimama pale pale mezani kwake, mkono juu.

Sijasema imefika.