Kijana wa Miaka Thelathini na Tatu Asiye na Nyumba

Hamburg,
Ijumaa, baada ya sala

Mdogo wangu Somoe,

Kosa wanalolifanya watu wengi wakizungumzia nyumba ni kuuliza umri wa mwenye nyumba kabla ya kuuliza nyumba yenyewe ilipatikanaje. Na wewe umelifanya, mdogo wangu, ndiyo maana nimeshika kalamu. Lakini tusivuke salamu. Assalamu alaikum. Hujambo wewe na wote waliomo nyumbani? Goti la shemeji Issa linaendeleaje? Bado analilaumu baridi la mwezi wa saba, baridi ambalo mtu wa huku angetembea nalo kifua wazi? Na mikorosho imeshatoa maua, au mwaka huu inatuchelewesha?

Sisi tu wazima. Mwanangu Asha bado anafanya kazi hospitalini kwake, wiki mchana, wiki usiku, na mimi ndiye ninayewapeleka wajukuu shule na kuwarudisha. Ngazi zinanichosha. Tunakaa ghorofa ya nne na hakuna lifti, kwa hiyo nikisahau kitunguu dukani tunakula bila kitunguu. Majira haya jua linachelewa mno kuzama, na kuisubiri Isha ni kazi kwa mzee aliyezoea kulala mapema. Nalalamika kidogo tu, usije ukamwambia mtu kwamba nateseka.

Sasa sauti uliyonitumia. Nimeisikiliza, nikairudia. Ningeweza kukupigia simu, ila nakujua, ungenikatiza kabla sijafika katikati. Barua haikatizwi. Asha atazipiga picha kurasa hizi na kuzituma kwenye simu ya shemeji, akusomee yeye, maana macho yako na maandishi yangu havijapatana tangu zamani.

Umesema binti yako Zainabu amepata mchumba, Bakari, fundi wa majokofu pale karibu na soko la samaki. Umesema kijana ana adabu, anaswali, na Zainabu anamtaka. Ila ana miaka thelathini na tatu na hana nyumba. Jirani yako amekusomea kutoka kwenye simu yake habari za nchi za watu na umri ambao vijana wao hupata nyumba ya kwanza, ukaona aibu. Ukaniambia hivi: "Kaka, huko uliko kijana wa umri huo ameshanunua nyumba na gari. Huyu hana hata choo. Wewe ndiye mjomba, neno la kumkataa litoke kwako."

Nimekusikia. Kwetu mjomba ndiye husema ndiyo au hapana, na mimi sikukimbia kazi hiyo kwa sababu ya kukaa mbali. Lakini mjomba hasemi neno aliloandikiwa na dada yake. Hutazama kwanza. Nami nimetazama kwa upande wa huku, kama ifuatavyo.

Nianze na zile habari za jirani. Si za uongo. Waingereza wengi hununua nyumba ya kwanza wakiwa wamevuka thelathini. Wamarekani, kwa ninavyosoma magazetini, siku hizi wanakaribia arobaini, na wazee wao wanashangaa kwa sababu wao walinunua wakiwa vijana kabisa. Wataliano wengi wanafika thelathini wangali wanalala chumba kile kile walichokulia, na mama anawafulia, na hakuna anayewacheka. Hapa Ujerumani watu wengi hawanunui kabisa. Karibu nusu ya nchi, au zaidi, wanapanga. Kwa hiyo "huko" unakokusema, Somoe, si mahali pamoja. Kila watu wana njia yao, na sisi hatukuwemo katika hesabu hiyo, maana njia yetu haihesabiki kirahisi. Nitaifikia.

Kuna jambo linanipasa nikueleze taratibu. Ile picha ya jengo lenye madirisha meupe, uliyowaonyesha wenzako wa Shangani ukisema ndiyo nyumba ya Asha, si ya Asha. Jengo lote ni la bibi mmoja anayekaa mji mwingine, na sisi ni familia mojawapo kati ya nyingi zinazompangia. Asha ana miaka arobaini na moja. Ana kazi nzuri, ana mume mwenye kazi, na hana nyumba.

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza kwenda kutazama nyumba inayouzwa. Vyumba vitatu, ghorofa ya pili, nikafurahi kwa sababu ya magoti yangu. Tulikuta foleni imeshuka ngazi hadi mlangoni, kama siku ya kupokea pembejeo za korosho. Mbele yetu walisimama mume na mke wa rika la Bakari. Kijerumani changu ni cha kubabaisha, lakini mzee akiuliza hasukumwi. Nikawauliza kama wao watainunua. Wakasema ndiyo, wakijaliwa, kwa kuwa baba wa mke amewapa malipo ya kuanzia, na yanayobaki watailipa benki mpaka watakapokaribia umri wa kustaafu. Basi hapo ndipo nilipoelewa. Jina litakaloandikwa kwenye hati ni la kijana, lakini ndani ya umri wake kuna mkono wa baba mkwe na benki. Huku siku ya kukabidhiwa ufunguo ndiyo siku ya kuanza kuilipia. Ukiulizwa umeipata lini, unataja siku hiyo, ingawa bado hujaimaliza.

Tulipokuwa tunapanda ngazi kurudi kwetu, tulikutana na Klaus, jirani wa chini, aliyekuwa dereva wa treni. Mzee kunishinda mimi. Kapanga chumba kile kile tangu ujana, kalelea watoto humo, kafiwa na mke humo. Nikamwuliza kama hakuwahi kutamani nyumba yake. Akanitazama kama nimemwuliza kwa nini hana ng'ombe. "Nyumba ya nini?" akasema. "Bomba likipasuka, napiga simu. Wewe lako likipasuka, unampigia nani?"

Kwetu Ufukoni bomba likipasuka tunamwita Issa, naye haji.

Usiku huo wakati wa chakula nikamweleza Asha habari za Bakari na maneno yako. Alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Baba," akaniambia, "mwambie shangazi kwamba kwa hesabu yake mimi ningekuwa sijaolewa mpaka leo." Kisha akasema jambo jingine ambalo limenikaa moyoni. Alisema, "Na wewe mwulize, kwani shemeji yako Issa alikuja na nyumba?"

Hebu tumjibu mtoto, Somoe. Issa alikuja na sanduku la bati na baiskeli isiyo na breki. Kama walivyofanya wanaume wa kwetu siku zote, alihamia kwenu wewe na mama, akapewa chumba cha uani. Msingi wa nyumba yenu aliuchimba mwaka alipopata visenti. Kuta zikasimama msimu wa korosho uliofuata, zikakaa hivyo hivyo hadi mbuzi wa jirani wakazifanya zao. Bati likaja Zainabu akiwa anatambaa. Plasta ya nje ninasikia bado. Sasa jirani yako akiuliza, "Issa alipata nyumba akiwa na miaka mingapi?" wewe utamtajia mwaka upi? Wa msingi, wa kuta, au wa bati? Kwetu nyumba haipatikani kwa siku moja. Inaota, kama jino la mtoto. Mwenye msingi tu, watu wa huku watamwandika kwamba hana kitu, wakati yeye hadaiwi na mtu hata tofali moja.

Sasa sikiliza kwa makini, hapa ndipo neno langu lilipo. Unamkumbuka marehemu mjomba Hassani, aliyekuoza wewe. Issa alipokuja kuposa, mama aliuliza kama wewe ulivyouliza: ana nyumba? Mjomba hakumjibu. Alimwagiza mama akasonge ugali, yeye akavaa kanzu, akaenda peke yake kwa mama yake Issa, eti kumsalimia. Alirudi jioni akasema, "Mpeni." Nilikuwa nimeshaanza ualimu, najiona najua, nikamwuliza amepima kwa kipimo gani. Akaniambia alimkuta mama mtu amekaa pakavu, na mvua kubwa ilikuwa imenyesha wiki ile. Basi. Nyumba ya kijana huitazami kwake. Unaitazama kwa mama yake, kwa sababu hiyo ndiyo nyumba ya kwanza ambayo hakuna anayemlazimisha kuijenga.

Katika sauti yako ulipitisha jambo haraka haraka, kama mtu anayepita penye miiba. Ulisema Bakari anadai hakuweza kuanza ujenzi wake kwa sababu nyumba ya mama yake kule Mahurunga ilianguka kwa mvua, na ikabidi aanze na hiyo. Ukasema, "Maneno tu hayo." Yawezekana ni maneno tu. Vijana nao wana maneno. Lakini yawezekana pia kijana huyu ana nyumba, ila kaijenga mahali ambapo hakuna mtu wa kuihesabu, si wa Ujerumani wala wa Ufukoni.

Sitasema ndiyo, wala sitasema hapana, kabla sijajua. Ukikuta kwamba mama yule analala pabovu na mwanawe anavaa viatu vipya mjini, nitamkataa mwenyewe, kwa sauti yangu, na Zainabu anilaumu mimi. Ukikuta vinginevyo, basi usinisubiri. Wape siku ya kuja kuposa rasmi, na chumba cha uani kipigwe chokaa.

Msalimie shemeji, mwambie asiruke mahali nilipomtaja. Msalimie Zainabu, lakini barua hii usimpe kwa sasa. Msalimie shangazi yetu mkubwa wa Mikindani, mwambie dawa ya macho Asha ameipata na itakuja na msafiri. Msalimie imamu wa msikiti wetu, na yule jirani wa simu pia, sina ugomvi naye.

Ni mimi kaka yako, Mwalimu Selemani, nakuagiza jambo moja tu. Shamba lako la mihogo liko Mahurunga hukohuko. Nenda leo, chukua kilo ya sukari, piga hodi kwa mama yake Bakari, mwombe maji ya kunywa, na ukiwa unakunywa, inua macho utazame paa, kisha shuka nayo polepole ukutani. Kiangazi hakifichi kitu: paa lililovuja huacha michirizi.