Picha Kando ya Kioo cha Kinyozi

Ndugu yangu, kinyozi wetu amekamatwa. Sasa hivi. Mimi nikiwa kwenye kiti chake, kichwa kimenyolewa nusu.

Ile picha ya jambazi anayetafutwa, iliyobandikwa kando ya kioo? Ni yeye. YEYE. Miaka yote ananyoa watu pembeni ya sura yake mwenyewe, ila pale ana ndevu na huku ana upara.

Na picha aliileta mkuu wa kituo cha polisi kwa mkono wake. Yule yule anayemwachia koo kila Ijumaa wembe upite.

Leo askari mgeni alikuwa akisubiri zamu yake ya kunyolewa. Akatazama picha, akamtazama kinyozi, akarudi kwenye picha. "Mzee, hebu geuka." Basi.

Mdomo wangu bado uko wazi. Siku moja kabla ya harusi yako, nikinyolewa, nilimwambia kinyozi kwamba huyo wa pichani hata mama yake hawezi kumpenda. Aliendelea kunyoa tu.

Leo, akitolewa na pingu mikononi, aliniinamia: "Mama alinipenda sana."

Sasa nimejua kwa nini kwenye picha za harusi yako kichwa changu ni kama shamba lililoingiliwa na mbuzi.