Kanzu Uliyovaa Kwenye Msumeno

Baba,

Sikuamkii. Shikamoo nimeiacha makusudi, kwa sababu nina hasira na wewe na sina mtu mwingine wa kumwambia. Unajua mbele za watu maneno hunikaukia.

Msumeno wa umeme bado upo uani, umefungwa kwenye meza yake kama ulivyouacha. Siku ulipoununua kwenye karakana ya shamba la mkonge, baada ya shamba kutaifishwa na wenyewe kuondoka, nilikuwa nimesimama nyuma yako. Fundi wa pale alikueleza taratibu, hata mimi nilielewa. Usiondoe kinga ya meno. Chomoa plagi kabla ya kugusa chochote. Ukivaa nguo inayopepea, usiwashe. Ulimjibu kwamba umepasua mbao tangu yeye hajazaliwa.

Wiki hiyohiyo ukafungua kinga, ukasema inakuzibia macho. Mama akaifanya chombo cha kunyweshea kuku.

Halafu Ijumaa ile. Ulitoka msikitini ukaambiwa jirani yetu, mzee wa reli, amefariki na atazikwa alasiri, mbao za kufunikia mwanandani wa kaburi hazijapatikana. Hukuingia hata ndani kubadili nguo. Nilikuwa nimeshika ubao upande wa pili, nikakuambia, "Baba, kanzu." Ulinisikia, maana ulinitazama. Ukasema, "Maiti haisubirishwi."

Ukawasha. Mkono wa kanzu ukaingia kwenye meno, na mkono wako ukafuata. Hukufika hospitali.

Watu waliokuja matangani walisema umekufa ukitafuta thawabu, hivyo tusilie sana. Walisema vizuri, kwa upole. Nilitamani kuwafukuza. Mzee wa reli alizikwa siku ileile, mbao zake zikakatwa na vijana kwa msumeno wa mkono. Kumbe iliwezekana, Baba. Ingechukua muda kidogo tu.

Sasa Baba Mdogo amekuja kutoka Kisanga. Kijiji chao cha ujamaa kimefungua shule, watoto wanakaa chini, naye amekubali kutengeneza madawati. Anasema msumeno ni mali ya ukoo na umeme uko kwetu. Jana alikuja amevaa lile koti lake pana, akaanza kuvuta waya kupitia dirishani. Mama alikuwa anachambua mchele. Aliliona lile koti, lakini shemeji ni shemeji, akainamia ungo wake.

Nikaenda kwa kuku, nikamwaga maji yao, nikaisugua kinga kwa majivu. Nilipomletea, Baba Mdogo alicheka, akaniuliza kama siku hizi darasa la saba wanafundishwa useremala. Nikamwambia afunge kinga na avue koti. Akasema, "Mwanangu, kaka aliondoka kwa sababu siku yake ilifika."

Sijui sauti niliitoa wapi. "Siku yake haikumvuta mkono, Baba Mdogo. Kanzu ndiyo iliyomvuta." Kisha nikachomoa plagi, nikaishika.

Alinitukana. Aliniita mwanamwali asiye na adabu, akasema nitakosa mume wilaya nzima ya Kilosa. Nililia, lakini sikuiachia. Mama hakuninyamazisha. Mwishowe Baba Mdogo alifunga kinga huku ananung'unika, akavua koti, akakata ubao mmoja, akaenda zake bila kuaga.

Dua nakuombea kila swala, hiyo ni haki yako kwangu. Kukusamehe bado sijaweza, sitakudanganya. Ulikuwa na binti aliyekuambia kweli, ukachagua kuharakisha.

Lala salama, Baba. Jumamosi Baba Mdogo anarudi kuendelea na madawati. Nakuahidi nitakuwa pale dirishani, na msumeno hautawaka mpaka nimemkagua toka shingoni hadi vidoleni. Akikasirika akasirike. Afadhali anichukie akiwa na mikono miwili.

Mwanao,
Zuhura